Kidole Kilichokataa Kusema

Juzi nilipanga foleni posta hapa Voi, nyuma ya mama mmoja anayekata mkonge shambani. Alikuja kuchukua kifurushi alichotumiwa na mumewe aliyeko Mombasa. Hajui kuandika, kwa hiyo karani akamsogezea wino atie kidole gumba.

Akakandamiza. Likatoka doa tu, limepasukapasuka kama udongo wetu wakati wa kiangazi. Akarudia mara tatu.

"Mama," karani akasema, "kidole hiki hakisemi wewe ni nani."

Mama akaficha mkono ndani ya leso. "Ni maji ya mkonge, mwanangu, na hili jua. Ndiyo maana baba watoto amenitumia mafuta ya nazi. Ameagiza nipake nikitoka tu kuoga, mwili ukiwa bado na maji. Yamo humo humo."

Karani akakitazama kifurushi. Pembe moja ya karatasi ilikuwa imelowa mafuta. Akaushika ule mkono taratibu, akakisugua kidole pale penye mafuta mpaka ngozi ikalainika, akakipangusa na kukitia wino tena.

Safari hii mistari yote ikatoka.

"Sasa ni mimi?" mama akauliza.

"Ni wewe, mama. Mzee mwenyewe amekutolea ushahidi."

Tangu siku hiyo nikimaliza kuoga sisubiri maji yakauke, napaka mafuta papo hapo. Siku nitakapoulizwa mimi ni nani, sina wa kunitumia kifurushi kutoka Mombasa.