Mavi ya Fisi na Kondoo wa Mama Renatus

Pale kijijini Daudi hakuna aliyejua hasa Scolastica, au Skola, anasomea nini chuo kikuu. Baba yake, mzee Tadei, alijaribu kulitaja somo lenyewe, "usimamizi wa mazingira na biolojia ya uhifadhi," akakwama katikati, akaamua kuwaambia watu kanisani kwamba binti yake anasomea misitu. Matokeo yake, Skola akija likizo wachoma mkaa walikuwa wanahama. Mama yake, Genoveva, alishikilia kwamba ni udaktari wa mifugo, maana ndiyo kazi aliyomtakia, na majirani wakaleta ng'ombe wanaoharisha. Skola akawa anasimama uani, mikono ndani ya mikono ya sweta kwa baridi, akieleza kwamba yeye hatibu mnyama mmoja mmoja, anaangalia jinsi wanyama, mimea, maji na watu wanavyoishi pamoja.

"Sawa, mwanangu," mzee mmoja alimjibu kwa upole. "Lakini huyu mmoja anaharisha."

Mwaka wa tatu ukafika wakati wa utafiti, na Skola akachagua fisi. Alitaka kujua fisi wa msitu ulio juu ya kijiji wanakula nini, kwa sababu kila mwenye banda alikuwa na mfugo wa kumdai fisi. Sasa, fisi huwezi kumkalisha ukamhoji. Unaokota mavi yake, unayakausha, unayaosha kwenye chujio, unachunguza nywele zilizobaki. Kwa hiyo kila asubuhi msomi wa kwanza wa ukoo alipanda mlimani na glavu na mifuko, akarudi na mavi meupe kama chokaa, kwa sababu ya mifupa ambayo fisi anaitafuna.

"Unaanika nini kwenye ungo wangu?" Genoveva aliuliza.

"Sampuli, mama."

"Sampuli ya nini?"

Skola alipojibu, ungo ule ukawa wake tangu siku hiyo.

Habari zilifika mbali kabla hata mavi hayajakauka. Shangazi Marieta alikuja na rozari mkononi. "Skola, fisi ni mnyama wa wachawi. Tulikupeleka chuo kusoma au kupaa?" Kwenye mashine ya kusaga, wanawake walimpisha kwenye foleni. Skola alijua ilimpasa kuwaelimisha, lakini mahindi yake yalikuwa yanasagwa kwanza, akasema ataelimisha wiki ijayo.

Ndipo akaja Judith, mama Renatus, mke wa mzee Baltazar wa jirani. Huyo hakuogopa kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nasikia unaweza kujua fisi amekula nini."

"Najaribu, mama."

"Basi nitafutie kondoo wangu."

Alikuwa na kondoo dume mwenye mkia mnono, aliyemtunza kwa ajili ya kipaimara cha Renatus. Siku ya mnada kondoo akapotea. Baltazar aliapa kwamba alimwona fisi kwa macho yake, hata akamrushia fimbo. Skola alimweleza mama Renatus kwamba fisi ni wengi, wanatembea mbali, na kutokuta sufu ya kondoo kwenye mavi machache hakuthibitishi lolote. Judith alisikiliza kama mtu anayesomewa tangazo la nauli za ndege.

"Jumamosi nakuja na mume wangu," akasema.

Jumamosi akaja naye kweli. Baltazar alikuwa amevaa koti la kanisani, na jasho linamtoka katika baridi ile. Nyuma yao walikuja watu wengi waliodai wanapita tu. Skola akaweka beseni, maji na chujio, akatumbukiza pande la kwanza, akaanza kulisugua taratibu. Akanyanyua kitu kidogo kwa kibano, akakielekeza kwenye jua.

"Nywele," akasema.

"Za nani?" Judith aliuliza, huku akimtazama mumewe.

"Sijajua bado, mama, mpaka kwenye hadubini ya chuo nione..."

"Inatosha!" Baltazar alipaza sauti, akavua kofia. "Inatosha, binti. Usizipeleke chuo. Kondoo tulimchoma mnadani, mimi na Yohanes na wenzetu. Tulimla mpaka mkia."

Penye uzio, Yohanes akaanza kutafuta njia ya kutokea. Mke wake alikuwa amesimama kwenye njia hiyo.

"Na fisi uliyemrushia fimbo?" Judith aliuliza.

"Fimbo niliirusha kweli," Baltazar alisema kwa huzuni. "Ila mbele hapakuwa na kitu."

"Jamani, mimi sijagundua chochote!" Skola alijaribu kusema. "Hizi huenda ni za sungura!" Hakuna aliyemsikia. Akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi, ingawa moyoni aliona aibu kidogo kwa niaba ya sayansi.

Ndama bora wa Baltazar ndiye aliyeliwa siku ya kipaimara. Kuanzia hapo Skola hakupanda tena mlima kutafuta sampuli. Wanawake walimletea kwenye mifuko, kila mmoja na swali lake juu ya mumewe. Nyingi zilikuwa za mbwa. Profesa alipouliza amewezaje kupata mavi mengi kiasi hicho, alimwandikia kwamba ushirikiano wa jamii ulikuwa mzuri sana.

Majibu ya hadubini yalipopatikana, nywele nyingi zilikuwa za ng'ombe na punda, na nyayo za fisi zilijaa kwenye korongo ambako watu walikuwa wakitupa mizoga. Skola aliyasema hayo kwenye mkutano wa kijiji: tunamwita fisi wenyewe, kisha tunamlaumu kwa kuja. Wanaume, ambao kwa kawaida husinzia kwenye mikutano, walisikiliza kwa makini kuliko wote, wakakubali upesi kuchimba mashimo ya kufukia mizoga.

Alihitimu mwaka uliofuata. Siku hizi yuko Yaeda Chini, anashughulikia malisho pamoja na wafugaji, na wiki iliyopita pikipiki yake ilizama kwenye tope la bonde. Akaivuta kwa kamba ya ng'ombe, yeye na dume moja jekundu, mpaka ikatoka.