Injinia na Kitufe Chake cha Kufuta

Mtaani wanamwita Injinia, wanamtania tu. Shule aliiacha mapema. Ana kibanda cha fotokopi chenye mashine inayotafuna karatasi kuliko inavyozitoa. Humo ndimo alimoandika programu ya kuhifadhi picha na sauti za mtaa: harusi, misiba, wazee wakisimulia nani alijenga wapi. Ni ya bure, na maandishi yake ya ndani, yale yanayoiendesha, yako wazi mtandaoni. Yeyote achukue, arekebishe, agawe. Maktaba za mbali zinaitumia. Jirani zake wanamuuliza kama inaonyesha mpira.

Ila ana kichwa kigumu. Alichoshwa na watafiti wanaokuja, wanapiga watu picha, wanaondoka nazo moja kwa moja. Akaapa: kwake, mwenye sura ndiye mwenye kauli. Ukiwa kwenye picha, au aliyemo ni marehemu wako, unabonyeza Futa na inafutika kweli, kila nakala, kila kompyuta.

Nikamwambia, "Kaka, watu wa hapa unawapa kitufe hicho?"

"Acha dharau, mdogo wangu. Watu si watoto."

Haya. Ndugu wakagombania kiwanja, picha za harusi zikaenda. Ndoa ikavunjika, zikaenda nyingine. Yeye akaendelea na fotokopi zake. Alikuwa bado ana sauti ya marehemu baba yake, fundi seremala, anayecheka kabla kichekesho chenyewe hakijafika. Katikati, mzee anamtaja mtoto aliyemzaa nje ya ndoa.

Siku moja dada yake akaingia kibandani, hata kiti hakuvuta.

"Ile ya baba nimeifuta."

"Dada! Si ungeniambia nikikate hicho kipande?"

"Mama yuko hai, wewe! Wajukuu wanaisikiliza wanacheka, mtaa mzima unajua. Kwani nilihitaji ruhusa? Si ulisema marehemu wetu, kauli yetu?"

Injinia akatazama mashine yake. "Ulisikiliza kwanza?"

"Mpaka mwisho," dada akasema, sauti imeshuka. Akaondoka.

Nikamuuliza iko wapi nakala yake ya pembeni. Hana. "Nikificha ya kwangu, wale wengine niwaambie nini?" Huo ndio uungwana, na mimi nasema ni ujinga. Programu ya kutunza mambo ya watu iliyowaamini watu kupita kiasi.

Wiki hiyohiyo akaja mama mmoja wa makamo, amevaa nguo za kutokea, kajifunga kilemba vizuri. Ndiye yule mtoto wa nje.

"Nimesikia baba alinitaja. Naomba nisikie."

Injinia akamwambia ukweli. Yule mama hakulia. Akauliza kitu kimoja tu: "Alinitaja kwa jina, au alisema 'yule mtoto'?"

Injinia akafumba macho, midomo inacheza, anatafuta. Alikuwa ameisikiliza rekodi hiyo mara nyingi mno, lakini siku zote alikuwa anasikiliza kicheko.

"Sikumbuki, dada yangu," akasema.

Yule mama akashukuru, kwa adabu kabisa, akatoka.