Ruhusa ya Kifaru Kwenda Harusini

Mume wangu alikuwa kifaru kwa miaka kumi na tisa. Sisemi kwa mafumbo, wala simtukani. Kumtukana nina njia zangu. Alikuwa kifaru kwa maandishi, kwa mhuri na kwa sahihi ya mkuu wa kituo, na mwenye shaka aende akaulize daftari lao.

Alianza kama mfagiaji. Kituo chenyewe ni nyumba ndefu ya bati nyuma ya uwanja wa mpira, na kazi yake ni kuwafundisha watoto wa shule habari za wanyama walio hatarini kutoweka. Wanyama waliokuwapo ni kobe wawili na bundi mmoja asiyeona vizuri. Watoto wakija wanauliza tembo yuko wapi, kifaru yuko wapi, wanaonyeshwa kobe, wanaondoka na sura za watu waliodhulumiwa. Ndipo mkuu akaja kwangu, maana mimi ni fundi cherehani, akaniomba nishone vazi la kifaru. Nililishona kwa turubai la kijivu na godoro kuukuu, pembe nikaijaza pamba. Nilipomaliza halikumwenea mtu yeyote pale kituoni ila mfagiaji. Si ajabu, vipimo nilivichukua kwa mtu niliyekuwa naye nyumbani.

Kosa lilifanywa na mtunza stoo. Daftari lake lilikuwa na sehemu tatu: samani, vifaa vya usafi na wanyama. Sehemu ya mavazi haikuwapo. Mtu mwingine angeuliza, lakini yule hapendi kusumbua wakubwa, akaandika kwenye ukurasa wa wanyama: kifaru, mmoja, dume, hali nzuri. Ripoti ikaenda makao makuu. Baada ya wiki tatu ikarudi barua ya pongezi, na nyuma ya barua lori zima la majani makavu.

Mkuu angeweza kuandika mistari miwili tu kueleza kwamba kifaru ni turubai. Thubutu. Alisema tangu kituo kijengwe hakijawahi kupongezwa, na hatakuwa yeye wa kuirudisha pongezi. Jina la mume wangu likafutwa kwenye orodha ya wafagiaji, kwa kuwa kiumbe mmoja hawezi kuhesabiwa mara mbili. Kila mwaka akawa anachunguzwa na daktari wa mifugo. Siku ya kwanza daktari alimkuta amekaa kwenye benchi anakunywa chai, kichwa cha turubai amekipakata. Alimtazama yeye, akatazama karatasi, akamtazama tena. Kisha akampima, akaandika: kifaru ana presha, apunguze chumvi. Na yale majani makavu nimejazia mito ya nyumba nzima, tukijigeuza kitandani tunasikika mpaka kwa jirani.

Lakini kazi aliijua, hilo siwezi kumnyima. Alikuwa anaingia darasani polepole, anajilaza mbele ya ubao, anakaa kimya mpaka watoto wanaacha kuchokozana. Halafu anasema kwa sauti nzito, ambayo nyumbani sijapata kuisikia: "Mimi ndiye wa mwisho. Sina ndugu, sina mke, sina mtoto. Mkinipoteza mimi, mmenimaliza." Watoto wanalia, walimu wanalia, na wote wanakula kiapo kwamba hawatanunua pembe wala kuuza wala kunyamazia ujangili. Nilimwambia, baba, hata kama ni maigizo, hapo kwenye mke utulie kidogo. Akaniambia somo ndilo linalotaka hivyo.

Mimi ni mtu mzima, nilimeza. Binti yetu hakuwa mtu mzima. Alikuwa darasa la pili siku kifaru alipokwenda shuleni kwao. Akamtambua baba yake kwa kikohozi, akanyoosha kidole, akaita, "Baba." Na kifaru, mbele ya darasa zima, akamjibu, "Mimi sina mtoto." Binti alirudi nyumbani, akala, akalala. Tangu hapo baba yake hakuhudhuria siku yake hata moja, si mahafali, si siku alipovunjika mkono, kwa sababu mnyama hapewi likizo.

Basi mwaka huu binti akapata mchumba, mtu mpole, fundi wa redio. Tarehe ikapangwa, Jumamosi saa nne asubuhi, ofisi ya msajili wa ndoa. Binti akanijia jikoni. "Mama, sitaki baba alete zawadi. Aje awe shahidi wangu, aandike kwa mkono wake kwamba yeye ni baba yangu. Asipokuja, sitamuuliza kitu tena maisha yangu yote." Alisema macho makavu kabisa, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu, mume wangu nyuma yangu kavaa vazi, kichwa kwapani.

"Shemeji," mkuu akaniambia, "likizo ni ya watumishi."

"Na huyu ni nani?"

Alifungua daftari, akaweka kidole. "Huyu ni mnyama aliye hatarini kutoweka."

"Akikosa harusi ya mwanangu ndipo atakuwa hatarini," nikamwambia.

Aliona sitanii. Akatafuta kwenye makabrasha, akatoa fomu ya kibali cha kusafirisha mnyama. Sababu zilizoruhusiwa zilikuwa tatu: matibabu, elimu na kuzaliana. Mkuu alitafuna kalamu kwa muda, akaweka alama kwenye kuzaliana. "Harusi inaingia humo humo," akasema. Mume wangu akainamisha macho. Masharti yalikuwa kwamba mnyama asafiri na pembe yake, asitolewe ngozi, awe chini ya ulinzi wa askari wa wanyamapori, na arudi kituoni kabla ya saa nane mchana.

Nyumbani nilimwambia aachane na upuuzi huo, aende kama binadamu.

"Makao makuu wakijua, wanafunga masomo," akasema. "Watoto wote wale wataambiwa nilikuwa uongo."

"Na wako mmoja ataambiwa nini?"

Alichukua sindano akaanza kushona sikio lililolegea, na mishono yenyewe ilikuwa ya ovyo, nikamnyang'anya nikashona mimi huku damu inanichemka.

Jumamosi saa nne kasoro tukawa kwenye korido ya msajili, maharusi watatu wengine kwenye benchi, wote wanatutumbulia macho. Kifaru akaingia, askari nyuma yake na bunduki begani. Bwana harusi mmoja akahama benchi. Tukaitwa ndani. Msajili alikuwa mama mmoja wa miwani, mtu wa haraka.

"Shahidi wa bibi harusi?"

"Huyu hapa," akasema binti yangu.

Msajili akamtazama kifaru juu ya miwani. "Kitambulisho?"

Askari akatoa kibali. Msajili akakisoma mpaka chini. "Hapa pameandikwa kuzaliana. Sisi tunaandikisha ndoa tu. Vizazi na vifo ni ghorofa ya pili."

"Mama, ni shahidi tu," nikasema.

"Mnyama hawezi kuwa shahidi. Mna mtu mwingine? Nina foleni."

Kaka yangu, mtu asiyekosa nafasi ya kuonekana, akainuka anajifunga vifungo vya koti. Binti yangu hakumtazama mjomba wake. Alikuwa anamtazama kifaru, pale penye matundu mawili ya macho niliyoyatoboa mwenyewe.

"Mzee," askari akamnong'oneza, "ukivua, mimi lazima niandike."

Zipu ya lile vazi iko mgongoni, na aliyevaa haifikii. Kifaru akageuka, akampa binti yetu mgongo, akapiga magoti. "Nifungue, mwanangu," akasema.

Binti akavuta zipu mpaka chini. Mume wangu akatoka mle ndani na suti aliyonioa nayo, imelowa jasho chapachapa, tai imeruka mpaka nyuma ya shingo. Nilikuwa sijui kama alivaa suti. Akaenda mezani, akaomba kalamu. "Mimi ni baba yake," akamwambia msajili, ingawa msajili alikuwa hajamuuliza. Akaandika jina lake lote, na chini yake akaandika tena: baba mzazi. Nililia mpaka kaka yangu akanipa kitambaa chake cha mfukoni, na sioni aibu kulisema.

Askari ni mtu mwadilifu. "Nimekabidhiwa kifaru," akasema. "Sasa nina mzee mwenye tai. Nitaandika nini?"

Msajili, aliyekuwa anafuta miwani, akamkumbusha habari ya ghorofa ya pili. Askari akapanda na kibali chake, akashuka na karatasi yenye mhuri: kifaru, dume, amekufa safarini. Makao makuu wakatuma barua ya rambirambi. Mkuu aliipokea kwa moyo mweupe, naona alikuwa ameisubiri miaka yote, akamrudisha mume wangu kwenye orodha ya wafagiaji, mwenye likizo ya siku ishirini na nane.

Kilichobaki kilikuwa ni watoto. Mume wangu akasema atawaambia mwenyewe, na Jumatatu nikafuatana naye kwenye ile shule ya karibu na uwanja. Alisimama mbele ya darasa la tatu na shati la kawaida, hakuna aliyemjua. Akawaambia kifaru amekufa. Ikawa msiba. Mwalimu akatoka nje. Halafu msichana mmoja wa dawati la mbele, pengo kubwa mdomoni, akanyoosha kidole.

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Alikuwa na mtoto. Wa kike."

"Mbona alituambia hana?"

"Alikosea," akasema. "Alikosea sana."

Yule mtoto akafikiri. "Sasa huyo mtoto analindwa na nani?"

Mume wangu alisimama tu, machozi yanamshuka hadharani, na msichana akafungua daftari kwenye ukurasa mpya akamwambia ataje nyumba ya huyo mtoto.

Mwezi wa tatu huu, kila jioni baada ya masomo, watoto wawili wa sare wanakaa mlangoni kwa binti yangu na daftari. Anayeingia anaandikwa, anayetoka anaandikwa. Mkwe wangu akirudi kazini anaeleza yeye ni nani na amekuja kufanya nini, na begi lake la redio linakaguliwa. Binti yangu mwanzoni alicheka, sasa anawapikia chai. Ratiba ya zamu imebandikwa ukutani, imepigwa mistari kwa rula, na siku za Jumanne na Ijumaa watoto wamempangia yule mfagiaji, kwa kuwa aliwaomba. Anafika saa kumi kamili na kiti chake, anakaa pale mlangoni mpaka giza linaingia, na hajakosa zamu hata moja.