Jibu Lililofika Baada ya Koito

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na ofisi ya kupiga chapa pale Sotik, chumba kimoja kati ya duka la dawa za mifugo na kinyozi. Kazi yangu ilikuwa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Kisha kampuni moja ya intaneti ikafungua ofisi mjini Kericho, na mtu wao akaja kwangu akiwa amevaa koti zuri. Alinieleza kwamba nikinunua modemu na kujiunga nao, wazazi wa Sotik wataandikiana na watoto wao walioko ng'ambo na kujibiwa siku hiyo hiyo. Nilimwamini, nikabandika tangazo mlangoni.

Tangu mwezi wa kwanza nilijua nimeingia kwenye taabu. Modemu ilipiga simu Kericho, ikalia kama bati linaloburutwa juu ya mawe, kisha ikanyamaza. Laini iko bize. Napiga tena, bize. Asubuhi nzima wateja wamekaa kwenye benchi wakinitazama mimi, si kompyuta, kama kwamba mimi ndiye niliyewaficha watoto wao. Ikishika, inakatika barua ikiwa nusu. Nikiwapigia wale watu wa kampuni, wananiambia nizime mashine na kuiwasha tena. Nikiwaambia nimeshaizima mpaka swichi imelegea, wanasema shida ni nyaya za simu. Watu wa simu nao walikuja, wakapima, wakasema nyaya ni nzima, shida iko kwa wenye intaneti. Nilikuwa katikati, na pande zote mbili zilizungumza nami kwa upole ule wa mtu ambaye hana nia ya kufanya lolote.

Jambo lililonikasirisha zaidi ni kwamba hawakuacha kusajili watu. Kila nilipopita ofisini kwao nilikuta mteja mpya anatia sahihi, na mashine zao zilikuwa zile zile chache za tangu siku ya kwanza.

Kati ya wateja wangu alikuwa mama mmoja mjane, mkulima wa chai na mwenye ng'ombe wa maziwa, kutoka vilima vya nje ya mji. Binti yake alikuwa akisomea uuguzi Amerika, na huko alikuwa amejuana na kijana wa kwetu, mwana wa familia ya Kapsoit. Familia hiyo ilituma watu kusema wanataka kuja kwa koito, yaani kikao cha wazee cha kuomba binti na kukubaliana mahari. Mashemeji wa yule mama walifurahi wakapanga siku. Yeye akawaambia kwamba hatakubali lolote mpaka asikie neno la mtoto mwenyewe.

Alikuja akaniambia maneno, nami nikayaandika. Swali lake lilikuwa fupi: hawa watu wanakuja, je, wewe umekubali? Barua ilitoka vizuri, kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Binti hakuwa na simu ya kwake, na barua ya posta ingechukua wiki nyingi, kwa hiyo tulitegemea njia hiyo moja tu.

Jibu halikuja. Mama alipita kila akitoka kupeleka maziwa, gumboti zake zikiwa na matope. Nilipofanikiwa kuingia kwenye intaneti, sanduku la barua lilikuwa tupu. Nilipiga simu Kericho kuuliza kama kuna barua zilizokwama, nikajibiwa kwamba kila kitu kiko sawa, pengine binti hajaandika. Mama aliposikia hivyo akasema mtoto wake si wa kutojibu. Lakini siku ilikuwa imefika, na shemeji mkubwa akamwambia kwamba msichana akinyamaza amekubali. Wageni wakaja, mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa kwenye kibuyu, ikanywewa, ng'ombe wakakubaliwa. Mama alisimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema binti yake ameridhia.

Siku chache baadaye nilifungua kompyuta nikakuta barua zimemiminika kwa pamoja, za wateja wangu wote. Ya binti ilikuwa katikati. Alikuwa amejibu siku ile ile mama alipomwandikia. Alisema wameshaachana na yule kijana, kwamba kijana ameogopa kuwaambia wazazi wake, na akamsihi mama asiwapokee.

Niliisoma, kisha ikanibidi nimsomee mama. Hakulia. Aliniomba nimpeleke kwa hao watu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, na meneja alikuwa kijana mwenye tai. Nilimweleza yote mimi, na sauti yangu ilikuwa imepanda kiasi kwamba karani alifunga mlango. Hakubisha. Alisema mashine ya barua ilikuwa imejaa, na ikijaa, barua zinapanga foleni hadi fundi aje kutoka Nairobi. Nikamuuliza kwa nini niliambiwa kila kitu kiko sawa. Akasema huo ndio utaratibu wa kujibu wateja.

Kisha akamgeukia mama na kutabasamu. "Lakini mama, si imeli ilifika? Hakuna kitu kilipotea."

Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo shingo yangu inapata moto.

"Mimi nilisimama mbele ya wazee nikawadanganya," mama alimwambia. "Sasa naenda kwao Kapsoit kuwaambia. Twende na wewe, kijana, uwaambie hiyo imeli ilifika."

Meneja alisema hiyo si kazi ya kampuni. Mama akaketi kwenye kiti cha wageni, akaweka kikapu miguuni, akasema atangoja mpaka iwe kazi ya kampuni. Waliompita walimruka miguu. Saa ya chakula walizima taa na kutuomba tutoke, na meneja alishuka ngazi mbele yetu bila kugeuka.

Tulienda Kapsoit sisi wawili. Baba wa kijana alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nimsomee barua mara ya pili, kisha akasema polepole kwamba mtoto wao naye amewaficha. Mkewe hakuwa na upole huo. Alisema wameaibishwa mbele ya ukoo, na kwamba mama mwenye akili husubiri neno kabla ya kusimama. Mama alipokea maneno hayo yote bila kujitetea. Makubaliano ya koito yalivunjwa kwa amani, wazee wakasema yanayopaswa kusemwa, lakini wale wanawake wawili walikuwa wa dhehebu moja la kanisa, na kwa miaka walikutana kwenye mikutano ya akina mama bila kusalimiana.

Wiki hiyo niling'oa modemu na kubandua tangazo langu. Wateja walininung'unikia, na nikawaelekeza posta. Kampuni iliendelea kusajili watu mpaka ikaja nyingine yenye mashine bora, ndipo wakafunga bila kumwambia yeyote. Waliokuwa na anwani za kampuni hiyo walipoteza kila barua iliyokuwa ndani. Jirani yangu kinyozi alikuwa na picha za mjukuu humo, hakuwahi kuziona.

Binti alimaliza masomo akabaki huko huko. Mama yake alinunua simu ya mkononi mara tu mnara uliposimamishwa kwetu. Yule meneja nilimwona mara moja tena sokoni Kericho, akichagua viazi. Alinitambua, akanyoosha mkono. Sikuushika.