Bawa la Kushoto, Bawa la Kulia

Kwenye mishipa ya bawa mimi sibahatishi. Nionyeshe picha ya mdudu aliyeganda ndani ya jiwe tangu enzi za dinosaria, nitakuambia ni wa ukoo gani kabla chai yako haijapoa. Hawa wangu ni wale wenye mabawa ya kimia. Jamaa zao walio hai bado wanakula vidukari wanaofyonza kahawa zetu kule nyumbani Uru, mlimani. Jumba moja la makumbusho la ng'ambo hunitumia picha, nami nawapanga koo kwa koo nikiwa chumbani kwangu Njoro, mjini, kompyuta juu ya meza ya kulia.

Mwaka jana nilimpata mmoja ambaye hakufanana na yeyote. Aliyemkaribia alikwishapewa jina zamani na mtu mwingine, lakini huyo alikuwa na mishipa midogo tisa pembeni mwa bawa; wangu kumi na moja. Nilihesabu mara tatu. Spishi mpya, basi! Anayegundua ndiye anayependekeza jina, nami nikachagua la mama yangu. Kiongozi wa kazi yetu kule makumbusho akakubali, ikabaki kuchapishwa tu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwambia mama mapema. Mama ni mtu wa jumuiya ya sala, na jumuiya haifichwi kitu. Jumamosi ya wiki ile ile wenzake walikuwa wanamwita Mama Mdudu, naye anaitika kwa madaha. Mwanamke aliyehudumia kihamba, shamba la ukoo, maisha yake yote, na hati ya kihamba hicho haina jina lake, sasa jina lake lingekaa vitabuni. Niliona raha, sikufichi.

Nikapanda Uru na picha mbili zilizochapwa, ya yule wa zamani na ya huyu wake, nimwonyeshe tofauti. Nilimkuta barazani anachambua kahawa, mbovu huku, nzima huku. Akafuta mikono kwenye kanga, akazishika. Nikaanza kumweleza: huyu bawa la kushoto, tisa; huyu wako bawa la kulia, kumi na moja. Wala hakunisikiliza. Kidole chake kilikuwa kwenye ncha ya bawa.

"Hapa pana kishimo," akasema. "Na kwa mwenzake, hapo hapo, pana kinundu. Mwanangu, huyu si ni mmoja?"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka. Jiwe la visukuku likipasuliwa hufunguka kama kitabu, na mdudu huacha alama kurasa zote mbili, moja imegeukia nyingine. Hilo tulifundishwa mwaka wa kwanza! Nusu moja ilikwenda jumba jingine miaka mingi iliyopita, nusu ikabaki kwetu, na mishipa miwili ikang'ang'ania upande wetu. Mimi mjuaji nikahesabu pande mbili za mdudu mmoja, nikatangaza spishi.

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kazi imeshapitishwa, na aliyeona ni sisi wawili tu. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilisema. Mama akanirudishia picha. Akaniambia nimwandikie kiongozi wangu sasa hivi, kabla sijateremka mjini, yeye anangoja. Nikaandika kwa simu pale pale barazani, machozi yananitoka, na yeye anachambua kahawa yake bila kuniangalia.

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilisali kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kuwaeleza mimi mwenyewe, kwa maneno ya kitaalamu, nimpunguzie fedheha. Hakunipa nafasi. Walipomuuliza habari za mdudu wake, aliendelea kumimina chai.

"Kumbe alikuwa na mwenyewe," akawaambia. "Tumemrudisha."

Alisema tumemrudisha, na mimi ndiye niliyetaka kumficha.