Kopo la Mama Funguo

Kila Desemba, ofisi ilipofanya sherehe ya Krismasi, mama wa mapokezi alikaa mlangoni na kopo tupu la biskuti. Ukija na gari, ufunguo unaingia koponi. Ukitoka unanuka pombe, huupati ng'o, hata uwe mkurugenzi. Ndiyo maana wakamwita Mama Funguo.

"Mama, mimi niko fiti kabisa!" mhasibu alimlalamikia mwaka huu, koti amelivaa kinyume.

"Fiti wa wapi! Panda teksi, na ukifika uandike kwenye kundi."

Usiku, baada ya kuosha glasi zao, alirudi kwake kwa basi. Akajimiminia chai, akakaa kusoma simu. "Nimefika." "Nimefika, mama, unisamehe kwa yale matusi." Alihesabu kumi na tisa, wote wazima. Moyo ukatulia.

Ndipo alipousikia ukimya wa nyumba. Tangu mumewe aage dunia, hakuna aliyemngoja. Akaandika: "Na mimi nimefika."

Chai ilipoa. Kundi lilikuwa kimya, walevi wake wameshalala fofofo.

"Haya," akajijibu kwa sauti, "pole na safari, mama."