Kofia ya Injini

Harufu ya oili inayoungua juu ya chuma cha moto hunikatiza popote nilipo. Lori likipita barabarani likitoa moshi wa buluu, wenzangu hufunga dirisha na kuendelea na chai yao. Mimi chai hunishinda. Nitawaambia ninyi kwa nini, maana nimewaambia watu wachache sana.

Nilikuwa darasa la tano, Kitale, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Baba alikuwa karani wa serikali, na Peugeot yake kuukuu aliitunza kama ng'ombe wa maziwa. Kila Jumamosi aliinua boneti, akafungua ule mfuniko wa pale oili inapomiminwa, akaugeuza na kuukagua kwa ndani. Ukiwa na utando mweupe, alinifundisha, ujue maji yameingia kwenye injini. Kisha aliubonyeza mpira wake kwa ukucha kuona kama umekauka. Mfuniko huo aliuita kofia. "Mzee huyu hatembei bila kofia," alikuwa akisema, nami nilicheka kila mara, ingawa mzaha ulikuwa ule ule.

Asubuhi moja jirani yetu mwenye simu alikuja mbio. Shangazi Nekesa, dada yake baba, alikuwa amepiga kutoka Mabanga, nje kidogo ya Bungoma. Kukhu, mama yao, alikuwa amezidiwa, na alikuwa na neno la kumwambia mwanawe. Hakutaka kulipitisha kwa mtu mwingine.

Baba alikuwa akiongeza oili. Alisimama kidogo na mkebe mkononi, akasikia mama anamwita ndani achague koti.

"Mama, funga hiyo mfuniko ya mafuta. Kaza kabisa," aliniambia. Aliniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake, Nanjala.

Siku zote kofia ilikuwa kofia, na mafuta kwetu yalikuwa petroli. Nilizunguka nyuma ya gari, nikaukaza mfuniko wa tangi kwa mikono yote miwili mpaka viganja vikauma.

"Umekaza?" baba aliuliza aliporudi.

"Nimekaza."

Akashusha boneti bila kutazama, yeye ambaye hutazama mara mbili.

Tulipita Kiminini salama. Baada ya Kamukuywa harufu ikaanza, kisha moshi, na kabla ya Misikhu baba alisimamisha gari kando ya shamba la mahindi. Injini nzima ilikuwa imelowa oili. Kofia ilikuwa imeanguka njiani, Mungu ajuaye wapi.

Fundi mmoja alikuja kwa baiskeli kutoka madukani, akainama, akatikisa kichwa. "Pore sana mzee. Sasa hii gari imetoka Kitare bira kofia?"

Baba alinigeukia. Nilianza kulia kabla hajauliza. "Nilifunga ya nyuma," nilisema. Aliitikia kwa kichwa tu. Afadhali angenichapa.

Fundi alimtuma mwenzake akanunue oili. Akaokota gunzi la mahindi, akalizungushia karatasi ya nailoni na kulishindilia pale kofia ilipokuwa. Mambo hayo yalikula zaidi ya saa mbili. Matatu za kwenda Bungoma zilikuwa zikipita.

"Baba Nanjala, si upande moja uende?" mama alisema. "Sisi tutabaki na gari."

"Wacha kwanza gari ipone," baba alijibu, macho kwenye injini.

Tulipofika Mabanga tulisikia vilio tukiwa bado barabarani. Shangazi alitupokea langoni bila kitambaa kichwani. "Amekungoja," alimwambia baba. "Amenyamaza saa hii tu."

Kwenye matanga baba alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi ndiye nimechelewa. Kosa ni langu." Nilijificha nyuma ya mama. Nilidhani amenisitiri, na nikaapa moyoni kuwa mtoto mwema mpaka nife. Baada ya mazishi alinunua kofia mpya Kanduyi, akaifunga mwenyewe, na hakuniita tena kwenye boneti. Nilijua ni kwa sababu nimemnyima nafasi ya kumwona mama yake.

Nilikuwa nimeshaolewa shangazi aliponieleza, tukichambua maharage, kana kwamba ni habari ya kawaida. Wakati wa kugawa shamba baba alimtolea mama yake maneno mazito, akaondoka bila kuaga. Tangu hapo Kukhu alimwita mara tatu, na kila mara jibu lilikuwa kwamba gari ni bovu.

"Baba yako aliogopa laana," shangazi alisema. "Mzazi akikuita karibu na kufa, unajua atakupa nini?"

"Na alitaka kumpa nini?"

"Hakuniambia. Alisema neno hilo ni la huyo mtoto wake tu."

Niliziona tena zile matatu zikipita Misikhu, na baba ameinama juu ya injini ambayo hakuwa na la kuifanyia. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikimshukuru kwa kunidanganyia watu kule matangani, kumbe siku ile yeye peke yake ndiye alikuwa akisema kweli.